Mzazi, usimwite mvivu kabla hujamsikiliza

“Vijana wa siku hizi hawatulii kazini.” Hayo ni malalamiko ya wazazi wengi kuhusu watoto wao waliozaliwa kati ya 1981 na 1996, kizazi kinachoitwa milenia.

Lakini kumbuka walichokiona wakikua. Miaka ya 1990, mashirika ya umma yalipobinafsishwa hapa Tanzania, wengi waliona baba au mjomba akipunguzwa kazini baada ya kulitumikia shirika moja miaka mingi. Walijifunza kwamba ajira moja si kinga. Ndiyo maana mwanao ana mshahara, na bado ana bodaboda barabarani au biashara ya mitumba kwenye simu.

Aliyesoma chuo kwa fedha za Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi 2005, hukatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi mpaka deni liishe. Bado kodi ya nyumba, ada ya mdogo wake na dawa za bibi kijijini. Akichelewa kuoa, usiseme anakimbia majukumu. Huenda tayari anayabeba.

Kabla ya kumuuliza ataoa lini, muulize mwezi huu amebakiwa na shilingi ngapi.