Tapeti za Mafuta: Kitu Kidogo Kiwezacho Kuharibu Injini Nzima

Mtu akaaye Ndia Kuu, katika Mji wa Kale wa Mombasa, husikia motokaa kabla ya kuiona, maana njia ni nyembamba na kuta za mawe hurudisha kila sauti. Gari lenye injini nzima hupita kwa mvumo mmoja tu. Jingine hupita likigonga, ta-ta-ta-ta, na mwenyewe huambiwa kuwa tapeti zimekwisha na injini yataka kufunguliwa. Kwa mwenye teksi au matatu hilo si neno dogo, kwani siku gari lilalapo gereji hana pato. Basi yafaa ajue tapeti za mafuta ni kitu gani, na zachaguliwa na kutiwa vipi, asije akalipia kazi moja mara mbili.

Kazi ya tapeti

Ndani ya injini mna mtaimbo wa chuma wenye manundu, uitwao kemshafti. Unapozunguka, kila nundu huinua tapeti, nayo tapeti hufungua valvu. Chuma kikipata moto hutanuka. Kwa hiyo tapeti za chuma kitupu huachiwa nafasi ndogo, ambayo hapana budi ipimwe na kurekebishwa mara kwa mara.

Tapeti ya mafuta haihitaji nafasi hiyo. Ndani yake mna pistoni ndogo, na chini ya pistoni mna chumba kilichojaa mafuta ya injini. Nundu linapoinuka, kigololi huziba tundu, mafuta hayana pa kutokea, na tapeti husukuma kana kwamba ni chuma kigumu. Nundu likiisha kupita, mafuta kidogo huingia kufidia yale yaliyovuja. Hivyo nafasi hujirekebisha yenyewe. Mpango huu ulijulikana sana tangu mwaka 1930, Cadillac ya silinda 16 ilipotolewa huko Marekani.

Si kila kelele ni ugonjwa wa tapeti

Kwa kuwa tapeti hii huishi kwa mafuta, maradhi yake mengi hutokana na mafuta. Fikiri gari lililo katika foleni ya feri ya Likoni wakati wa jua la mchana, injini ikienda polepole. Mafuta yamekuwa mepesi kwa moto, na msukumo wa pampu umepungua. Hapo ndipo kelele husikika. Kabla ya kununua chochote, pima kimo cha mafuta. Yakipungua mno, pampu hunyonya hewa. Yakizidi mno, hupigwa na vyuma vizungukavyo yakawa povu. Na povu hubonyea, halisukumi valvu. Kelele ya nukta chache asubuhi, injini iwapo baridi, aghalabu haina madhara.

Kuchagua

Kwanza jua injini yako ni ya namna gani. Toyota yenye injini ya 1NZ-FE ina tapeti za chuma kitupu, lakini yenye 2ZR-FE hutumia za mafuta. Range Rover ya silinda nane, iliyoanza kuuzwa mwaka 1970, nayo ilikuwa na za mafuta.

Pili, ikiwa tapeti zako ni za uso bapa zinazosuguana na kemshafti moja kwa moja, shika sheria hii: kemshafti mpya hutiwa tapeti mpya. Uso wa tapeti hiyo kwa kweli umebinuka kidogo sana, na nundu nalo limeinama kidogo, ili tapeti ijizungushe inapofanya kazi. Kila tapeti imelika kwa kufuatana na nundu lake. Ukiichukua katika injini kuukuu kwa sababu ni rahisi, ukaiweka juu ya nundu geni, haitazunguka vema. Italila nundu, na chembe za chuma zitasambaa katika injini yote.

Zile za zamani zikirudishwa juu ya kemshafti yake ya zamani, kila moja irudi katika tundu lake. Ziwekewe alama mara zinapotolewa. Kuzipima, weka uso wa moja juu ya ubavu wa nyingine, utazame penye mwanga. Mwanga ukionekana pembeni, ni nzima; ukionekana katikati, uso umebonyea, nayo itupwe.

Kutia

Njia zote za mafuta zisafishwe, na filta iwe mpya. Taka ndogo yatosha kumzuia kigololi asizibe. Loweka tapeti katika mafuta safi, ukibonyeza pistoni taratibu mpaka mapovu yakome. Zile za uso bapa zipake grisi ya molibdeni usoni, na manundu vilevile.

Penye nati ya kurekebishia, kaza valvu ikiwa imefungwa, mpaka nafasi iishe. Kisha uongeze kwa kadiri iliyoandikwa katika kitabu cha mtengenezaji. Kwa injini nyingi ni nusu mzunguko mpaka mzunguko mmoja. Kisha ngoja kitambo, ili tapeti zitoe mafuta yaliyozidi na valvu zifunge barabara. Toa plagi, zungusha injini kwa stata mpaka taa ya mafuta izimike, ndipo uzirudishe na kuwasha.

Kemshafti mpya yenye tapeti za uso bapa isiachwe ikanguruma polepole. Iendeshwe mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika, muda wa dakika 20, maana kwa mwendo mdogo manundu hayapati mafuta ya kutosha. Wengi huwasha, wakasikia injini inalia vizuri, wakaizima kwa furaha. Na wiki chache baadaye nundu limelika. Zile zenye magurudumu hazihitaji jambo hili.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Bei ya tapeti mpya huuma siku moja. Bei ya kemshafti ya pili, pamoja na siku za kukosa abiria, huuma muda mrefu.