Kuvuja Damu Pembeni mwa Ubongo: Kwa Nini Vijana Nao?

Damu inayokusanyika polepole kati ya fuvu na ubongo hujulikana zaidi kuwa maradhi ya wazee. Ubongo wa mzee hunywea, mishipa midogo iendayo kwenye utando wa nje huvutika, na pigo dogo tu huweza kuichana. Hata hivyo, vijana nao hupatwa. Katika makala haya tunaeleza sababu zake, na kwa nini mwalimu wa lugha anapaswa kuzifahamu.

Kwanza tuelewe jinsi maradhi yenyewe yanavyotokea. Ubongo umefunikwa na tando tatu. Mshipa ukichanika, damu hujipenyeza chini ya utando wa nje ulio mgumu. Mwili huizungushia ngozi nyembamba, na katika ngozi hiyo huota vijishipa dhaifu ambavyo huvuja tena na tena. Ndiyo maana dalili huweza kujitokeza baada ya wiki tatu au zaidi, wakati mgonjwa amekwisha kusahau alikojigonga. Mwaka 1857 Rudolf Virchow wa Ujerumani alisema chanzo ni kuvimba kwa utando. Mwaka 1914 Wilfred Trotter wa Uingereza alisisitiza kuchanika kwa mishipa. Leo tunaona kwamba kila mmoja alishika upande mmoja wa ukweli: pigo huanzisha, na uvimbe huendeleza.

Kwa vijana, sababu kuu ni hizi:

Kwanza, kuumia kichwa. Ajali ya bodaboda, kuanguka, ugomvi au kugongana uwanjani vyaweza kuchana mshipa hata kama mtu hakuzimia.

Pili, kifuko cha maji ambacho mtu huzaliwa nacho kati ya tando za ubongo, aghalabu karibu na kipaji upande wa sikio. Wengi huishi nacho bila kujua. Mpira ukigonga kichwa, mishipa iliyo juu ya kifuko huchanika kwa urahisi.

Tatu, kupungua kwa maji yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo. Yakivuja, ubongo hushuka na kuvuta mishipa. Hali hii huweza kutokea yenyewe au baada ya sindano ya mgongoni, kwa mfano ganzi ya mama anayejifungua kwa upasuaji. Mara nyingi kichwa huuma zaidi mtu akisimama na hupoa akilala.

Nne, damu isiyoganda vizuri: kwa sababu ya hemofilia, upungufu wa chembe sahani, ugonjwa wa ini, au dawa kama warfarini na aspirini. Aidha, ulevi wa kupindukia huharibu ini na kumwangusha mtu mara kwa mara.

Kwa kijana, dalili kubwa ni maumivu ya kichwa yanayozidi siku hadi siku. Huweza kufuatiwa na kutapika, kusinzia, kusahau, au udhaifu wa mkono na mguu wa upande mmoja. Kwa watu wengi lugha hutawaliwa na upande wa kushoto wa ubongo. Damu ikibana hapo, mwanafunzi aliyekuwa msemaji hodari huanza kukosa maneno, kutaja kitu kwa jina lisilo lake, au kuandika sentensi zisizokamilika. Sisi walimu wa lugha huenda tukawa wa kwanza kuliona badiliko hilo. Tusilichukulie kuwa uvivu, wala tusikimbilie kusema ni malaria au mapepo.

La kufanya ni kumpeleka hospitali yenye kipimo cha sitiskani, na kumweleza daktari kila pigo la kichwa la miezi ya karibuni, hata lililoonekana dogo. Asinywe aspirini kwa kujiamulia. Damu nyingi ikionekana, madaktari wa upasuaji hutoboa tundu dogo katika fuvu na kuitoa, na vijana wengi hupona vizuri wakiwahiwa.

Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Anayepanda bodaboda na avae kofia ngumu, na kichwa kinachouma kwa wiki kadhaa kisipuuzwe.