Kitenzi "improvise" na Mipaka ya Visawe vyake katika Kiswahili

Kitenzi cha Kiingereza "improvise" kimetokana na neno la Kilatini improvisus, yaani kisichotazamiwa, kupitia Kiitaliano na Kifaransa. Kina maana mbili kuu: kutunga au kutumbuiza bila matini iliyoandaliwa, kama afanyavyo mpigaji wa jazi, na kuunda kitu kwa vilivyopo, mathalani machela ya blanketi na miti. Kwa kuwa katika maana zote mbili kitenzi hicho huweza kutumika pamoja na yambwa au bila yambwa, muktadha ndio huamua maana iliyokusudiwa.

Katika Kiswahili, "kutunga papo kwa papo" huafiki maana ya kwanza tu. Ya pili hudai maelezo, kama vile "kuunda kwa vilivyopo". "Kubahatisha" hupotosha, kwani huondoa dhana ya ustadi. Albert Lord, katika The Singer of Tales (1960), alionyesha kwamba manju wa tendi hutunga akiwa katika utendaji kwa kutegemea fomula alizojifunza kwa muda mrefu. Kinachokosekana, basi, ni matini ya awali, wala si umahiri. Mfasiri asiyezingatia tofauti hiyo humgeuza fanani kuwa mbahatishaji.