Sekunde 60 za Barabara ya Lenana, na Rekodi Nyingine za Darasa la Kuigiza

Somo fupi kuliko yote: dakika moja. Mtoto amezaliwa, hapumui. Muuguzi amkaushe, amfunike, amwangalie; kama bado kimya, ashike mfuko na barakoa ampe hewa kabla dakika haijakwisha. Hilo limo katika LIFE, programu ya mafunzo ya dharura iliyoundwa na Chuo Kikuu cha Oxford na watafiti wa KEMRI-Wellcome, ambao ofisi yao ya Nairobi iko Barabara ya Lenana, Kilimani. Unaingia hospitali ya kuigizwa, unachagua hatua huku saa ikikukimbiza. Ukikosea, unarekebishwa papo hapo. Kuna toleo la miwani ya uhalisia pepe na la simu ya Android. Tuzo naipa simu. Ndani ya matatu ya Kangemi unaweza kuifungua ukajifunza. Vaa miwani humo uone kama utashuka na mkoba wako.

Miwani nzito kuliko zote: kifaa cha kichwani cha Ivan Sutherland, Marekani, 1968. Shingo isingekibeba, kikaning'inizwa darini. Nyepesi: Google Cardboard ya 2014, kadibodi na lenzi mbili. Safari za darasani za Expeditions, zilizoitegemea, Google ilizifunga 2021.

Kwa wingi wa lugha, sijaona wa kushindana na PhET, majaribio ya sayansi ya kuigizwa kwenye skrini ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, iliyoanzishwa 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nobel ya fizikia. Lugha zimepita 100, Kiswahili kikiwemo. Mwalimu aliyenolewa CEMASTEA, kituo cha kuwanoa walimu wa sayansi kule Karen, hahitaji kuelezwa adha ya ammita mbili kwa darasa zima. Humu kila mwanafunzi anaunga waya, betri na balbu zake. Akiunganisha vibaya, betri inawaka moto kwenye skrini, na hakuna wa kulipia kifaa.

Isiyohitaji umeme hata kidogo ni NeoNatalie, mwanasesere wa Laerdal ya Norwei. Unamjaza maji ya uvuguvugu, uzito na joto vinakuja kama vya mtoto mchanga. Mkufunzi akibinya kibofu cha mpira, kifua kinapanda; akiacha, kinatulia. Ndiye aliyetumika katika mafunzo ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua, Helping Babies Breathe, yaliyozinduliwa 2010. Tanzania iliyapima katika hospitali 8, na matokeo yakachapishwa 2013: vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47.