Jua Linavyotokota

Uso wa Jua hautulii hata dakika moja. Kwenye darubini yenye kichujio maalumu huonekana umejaa punje zinazong'aa, zimebanana kama mahindi kwenye gunzi. Neno punje lisimdanganye mtu: upana wa moja ni kilomita 1,000 hivi, karibu masafa ya Dar es Salaam hadi Kigoma, na huishi dakika kumi au ishirini tu kabla ya kumezwa na nyingine.

Mtokoto huo hutoka mbali. Nishati inayozaliwa kwenye kiini cha Jua husafiri kwa mnunurisho hadi theluthi ya mwisho ya safari. Hapo gesi hupoa kidogo na kuwa ngumu kupenywa na mwanga, joto likakwama, na gesi yenyewe ikalazimika kulibeba. Ndio myuko, ule ule wa maji ya chunguni, ila chungu hiki kina kina cha kilomita 200,000. Gesi ya moto hupanda katikati ya punje, hutoa mwanga wake angani, hupoa, kisha huzama pembezoni. Mistari myeusi kati ya punje si baridi. Imezidiwa moto tu na jirani zake.

Zaidi ya punje kuna mpangilio mkubwa zaidi usioonekana kwa macho. Mwaka 1962 mwanafizikia Robert Leighton na wenzake, huko California, walipima mwendo wa gesi kwa mabadiliko ya rangi ya mwanga wake, wakakuta vyumba vyenye upana wa kilomita 30,000 hivi, vinavyodumu siku moja au zaidi. Kwa nini vina ukubwa huo, wataalamu bado wanabishana.

Kuna pia mikondo ya Jua zima. Ikweta humaliza mzunguko kwa siku 25 hivi, maeneo ya karibu na ncha kwa zaidi ya 30. Mkondo mwingine huelekea nchani kwa mita 10 hadi 20 kwa sekunde, mwendo wa gari barabarani, ilhali gesi ya punje hukimbia kilomita nzima au zaidi kwa sekunde. Hata hivyo ni huo wa polepole unaosomba mabaki ya usumaku wa madoa ya Jua hadi nchani, ambako usumaku hugeuka kila baada ya miaka 11 hivi.

Ndani zaidi husikilizwa kwa mawimbi ya sauti yanayotikisa uso. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2012 vilionyesha mikondo mikubwa ya huko kuwa dhaifu mno kuliko kompyuta zilivyokokotoa, ingawa joto lote la Jua lazima lipite humo.