Chambo hai: biashara isiyopita kwenye mizani

Mgonzo, kamba ndefu ya kuvulia sangara, ukiwa na ndoano 1,000 unadai vichambo 1,000, na hayo ni kabla ya mafuta ya injini. Ndiyo maana bei ya kambale mdogo wa chambo inawagusa watu wengi kuanzia mabonde ya Bugwema hadi mialo ya Ziwa Victoria huko Musoma na Bunda, na kinamasi cha Mara upande wa Butiama. Furu nao hutumika, ila hufa upesi. Kambale huvuta hewa, kwa hiyo huhimili dumu na bodaboda.

Huhimili kiasi. Mchuuzi mmoja analalamika kwamba hasara yote ni yake: mvuvi huhesabu walio hai tu, tena huchukua kwa mali kauli, alipe sangara wakiuzwa. Upepo ukichafuka mitumbwi hailali ziwani, na kambale hubaki mikononi mwake wakipungua siku hadi siku. Mgonzo ukirudi mtupu, deni husogezwa. "Kwenye ushuru nakumbukwa," anasema, "kwenye mikopo ya wavuvi sijulikani." Akivua mwenyewe kwa nyavu za macho madogo, ni mhalifu. Mvuvi anayeuziwa chambo hicho, mwenye ndoano halali, hana kosa. Hapo mantiki ya sheria inanipita.

Ofisa mmoja wa uvuvi anajibu kwa takwimu: dagaa pekee ni zaidi ya nusu ya uzito wa samaki wote wanaovuliwa ziwani, hivyo chambo ni jambo dogo. Huenda. Lakini samaki hupimwa mwaloni, ilhali chambo hutoka kwenye mfereji kikaingia mtumbwini moja kwa moja. Udogo wake umepimwa wapi?

Brazil nao wana biashara ya chambo hai ya jinsi hiyo. Katika Pantanal, tuvira, samaki mwembamba kama kisu anayetoa umeme hafifu kama domodomo wetu, huuzwa hai kwa wavuvi wa ndoano, na kaya nyingi huishi kwa kumkusanya.

Tiba inayotajwa na maofisa ni vifaranga wa kambale kutoka mabwawani. Uganda wamewahi kuifuata njia hiyo, na vituo vya kuzalishia vilipata soko kubwa kwa wavuvi wa sangara. Huku, chakula cha samaki ni ghali, na kambale wa mfereji halishwi na mtu. Bei ya sangara ikipanda, vifaranga wanaweza kulipa. Ikishuka, vijana watarudi na ndoo zao kinamasini, kama hawapo huko tayari.