Mshahara usipofika: Maneno ya mzaha yanayozaliwa kazini Congo

Kalemie. Mtumishi wa serikali anayelalamika kwamba ana SIDA huenda hazungumzii afya yake hata kidogo.

SIDA ni jina la Kifaransa la UKIMWI. Lakini katika nchi za Afrika zinazotumia Kifaransa, ikiwamo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo (DRC), watu wa maofisini walizipa herufi hizo maana nyingine: Salaire Insuffisant Difficilement Acquis, yaani mshahara usiotosha unaopatikana kwa taabu.

Ni mzaha mchungu, na si wa Congo peke yake. Nairobi, mwezi mrefu baada ya sikukuu huitwa Njaanuari, na siku ya mwisho ya wiki ya kazi huitwa Furahidei. Tofauti ni kwamba Mkenya anacheka mshahara uliokwisha mapema, ilhali mara nyingi Mkongomani anacheka mshahara ambao haujafika kabisa.

Kalemie, makao makuu ya Jimbo la Tanganyika, ni mahali pazuri pa kuelewa jambo hili. Mji huu ulioitwa Albertville enzi za Wabelgiji ulikua kwa bandari ya ziwani na reli iendayo Kabalo, na watu wake wanajua maana ya kusubiri mwisho wa mwezi. Kiswahili ni lugha ya nyumbani na sokoni, Kifaransa ni cha mafaili, na Kilingala huja na muziki na wanajeshi. Anayetaka kuunda neno hakosi malighafi.

Kifungu kisichokuwapo

Mzaha maarufu kuliko yote ni Kifungu cha 15. Asili yake husimuliwa kuwa ni Kasai Kusini, dola ya Albert Kalonji iliyojitangaza mwaka 1960. Inasemekana katiba yake ilikuwa na vifungu 14 tu, na wananchi waliokosa msaada wakajiongezea cha 15: débrouillez-vous, jitafutieni wenyewe.

Chini ya utawala wa Mobutu Sese Seko, msemo huo ulienea nchi nzima. Kilingala nacho kikaleta beta libanga, "vunja jiwe", kwa maana ya kuhangaika hadi mkono uende kinywani. Mwanamuziki Pepe Kallé aliiunganisha misemo hiyo miwili katika jina la wimbo wake.

Anayejua historia ataona kejeli iliyomo. Bula Matari, mvunja mawe, lilikuwa jina la Henry Morton Stanley, kisha likawa la serikali ya kikoloni. Siku hizi anayevunja mawe ni raia.

Mwalimu aitwaye "NU"

Shuleni, maneno ya namna hii hayatoki kwa wachekeshaji pekee. Mwalimu anayefundisha lakini hajaingizwa kwenye orodha ya malipo ya serikali huitwa NU, kifupi cha nouvelle unité, mtumishi mpya. Jina hilo lilitoka kwenye makaratasi ya ofisi. Zikisomwa kama neno moja la Kifaransa, herufi hizo zina maana ya "uchi".

Upya huo unaweza kudumu miaka mingi. Kuanzia miaka ya 1990, wazazi ndio waliobeba mzigo kwa kulipa ada iliyoitwa "motivation", motisha. Kwa kawaida motisha ni nyongeza ya kumpa mtu hamu ya kazi. Hapa, kwa walimu wengi, ndiyo ilikuwa mshahara wenyewe.

Septemba 2019, serikali ya Rais Félix Tshisekedi ilianza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo katika shule za umma. Kwa wazazi ilikuwa nafuu kubwa. Kwa mwalimu NU, chanzo cha pesa kilifungwa kabla jina lake halijaingia kwenye orodha.

Maharagwe ya nani?

Si kila neno la mzaha linamsaidia mnyonge. Matabishi lilitokana na Kireno mata-bicho, "kuua mdudu", yaani kinywaji cha asubuhi. Nchini Congo likawa zawadi ndogo au nyongeza ya muuzaji, na mara nyingine kitu anachosubiri mtu wa ofisini kabla ya kugonga muhuri.

Madesu ya bana, "maharagwe ya watoto" kwa Kilingala, linakwenda mbali zaidi. Ni rushwa iliyovikwa huruma. Anayekataa kutoa anaonekana kama anawanyima watoto chakula. Afrika Mashariki inaijua mbinu hiyo kwa jina la "chai".

Kwa hiyo cha kuangalia ni nani anayelitamka neno. SIDA hutoka kinywani mwa aliyepunjwa, na humwezesha kusema aibu yake bila kudharaulika. Maharagwe ya watoto hutoka kinywani mwa mwenye muhuri, na humficha. Hatari ni kwamba mara nyingi ni mtu yule yule: asiyelipwa asubuhi ndiye anayedai mchana, na maneno yote mawili yanachekesha kwa namna moja.

Kicheko kinamsaidia mwalimu kumaliza wiki, lakini hakimwingizi kwenye orodha ya malipo. Siku jina lake litakapoingia humo, hatakuwa na sababu ya kuitwa NU, wala mzazi hatakuwa na sababu ya kuombwa motisha.